Wa Mwisho Kusema

Sumbawanga,
6 Novemba 1995

Baba mdogo, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima na joto la Dar es Salaam halijakuyeyusha. Sisi huku hatujambo. Mvua imedondoka kidogo tu, upepo ndio umejaa. Ukianika bango nje linashika vumbi kabla rangi haijakauka. Bibi yuko Ilemba, mgongo unamsumbua lakini ulimi haujambo. Kila nikishuka kumwona ananiuliza mwanaye Evaristi anarudi lini, nami namjibu kwamba karibuni. Hiyo karibuni imeshazeeka, baba mdogo, nitafutie neno jingine.

Kazi ipo, tena tele. Tangu biashara zifunguliwe, hapa Majengo kila mwenye mlango anataka jina juu ya mlango. Mtu ana cherehani moja, anataka bango kubwa kuliko kibanda chenyewe. Ungekuwepo ungefurahi, karakana uliyoianzisha na makopo mawili ya rangi sasa inapanga wateja foleni.

Lililonifanya nikae niandike ni hili. Mama Hellena, yule wa Kirando anayeleta samaki kutoka ziwani, amefungua hoteli karibu na stendi, akataka bango la kuita watu. Mfano nilichora mimi kwenye karatasi. Polikarp akaandika herufi, Redempta akatia vivuli, Sebastiani akachora sahani ya ugali na mgebuka, samaki mzuri kweli, hata jicho linang'aa. Tukalipandisha jioni ya kuamkia uchaguzi. Asubuhi yake nikaitwa mbio. Mlangoni kwa Mama Hellena wamejaa wazee na shahada zao za kupigia kura mkononi, wanauliza sanduku liko wapi. Nikainua macho. Bango letu limeandikwa KARIBUNI KURA.

Mwezi mzima tulikuwa tunaandika vitambaa vya kampeni, mkono ukazoea. Lakini nani atakuelewa? Stendi nzima ikasema ndio Wafipa hao, la na ra kwao ni ndugu wa tumbo moja. Mama Hellena alicheka kwa mdomo, moyoni hakucheka. Tulilishusha tukaliandika upya.

Bango halikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba nilipowauliza wenzangu kama hawakuona, Redempta alisema akiangalia sakafu: "Tuliona, dada. Tulidhani umetaka iwe hivyo." Waliona, baba mdogo. Wakaiandika hiyo herufi, wakaitia kivuli, wakalala nayo chumba kimoja. Nilipowapa karatasi walisema sawa. Kila kitu ninachowapa wanasema sawa, na hiyo sawa imeanza kunitisha.

Mchana wanakula pamoja uani. Nikitokea kicheko kinakatika, mmoja ananyanyuka ananipa kigoda, wanakula kwa adabu kama wako msibani. Mwaka mzima tangu uondoke nina kiti cha mkubwa na sina mtu wa kuongea naye. Rudi. Kiti ni chako, mimi nitarudi kwenye brashi yangu.

Ni mimi mwanao,
Kristiana


Dar es Salaam,
11 Desemba 1995

Kristiana mwanangu, marahaba.

Barua yako ilichelewa kufika, au mimi ndiye niliyechelewa kuifungua, chagua mwenyewe. Mimi mzima. Nimempa mtu wa Namanyere dawa ya kuchua na shuka la Bibi. Akisema vimepotea njiani usimwamini.

Hiyo KURA nilicheka mpaka wakaniuliza nimepatwa na nini. Halafu nikakasirika. Watu niliowafundisha kwa mkono wangu wanaona kosa wanalipita kama gogo? Dawa yake ni moja, ukague mwenyewe kila herufi. Mkubwa ndiye jicho la karakana, na wewe ulisinzia. Nakwambia kwa kuwa nakupenda.

Huku katika hii kampuni ya matangazo nimepewa chumba kizima na vijana sita chini yangu. Wametoka vyuoni, wanajua majina ya rangi ambayo hata rangi zenyewe hazijui. Yonas ana kipaji. Anjela ana kipaji na mdomo pia. Na bosi wetu ana utaratibu ambao ukiusikia utashika mbavu. Kila Jumatatu kazi zote zinabandikwa ukutani, yangu pia, na aliye mdogo kuliko wote ndiye anayeanza kusema anachokiona. Mkubwa anasema wa mwisho. Tena ni marufuku kusema nzuri au sawa ukaishia hapo, lazima useme kwa nini. Hebu fikiria, mtoto wa juzi anasimama mbele ya mtu mwenye mvi anasema hiyo bluu inamchosha macho, na mimi nimekaa kimya nasubiri zamu yangu. Kwetu Ufipa huo ungeitwa utovu wa adabu, akaitwa baba yake. Nakuandikia upate kucheka.

Mambo ya kurudi tutaongea. Msalimie Polikarp, na huyo mwanawe aliyempa jina langu asimwachie kuchezea tapentaini.

Baba yako mdogo,
Evaristi


Sumbawanga,
28 Januari 1996

Baba mdogo, shikamoo, na heri ya mwaka mpya ingawa umeshaanza kuchakaa.

Dawa ya Bibi ilifika, shuka pia lilifika, basi mwombe radhi mtu wa Namanyere. Mahindi yamesimama vizuri, maharage yameliwa na wadudu. Mama anakusalimu kutoka Ilemba, anasema shemeji umesahau njia.

Ulinitaka nicheke, sikucheka. Huo utaratibu wa ukutani nimeuchukua.

Jumatatu ya kwanza nilibandika kazi zote tatu zilizokuwa mkononi, nikawaambia Redempta ndiye mdogo, aanze. Kimya. Kimya hasa, tukawa tunasikiliza mashine ya kusaga ya jirani. Nikagundua hawaangalii ukuta, wanaangalia uso wangu wajue nitasema nini wao wafuate. Jumatatu ya pili nikageuza kigoda, nikakaa nimewapa mgongo. Utasema nimerogwa, lakini nilikaa hivyo. Na ukutani nikaweka kazi yangu mwenyewe, ng'ombe niliyemchora kwa ajili ya duka la dawa za mifugo.

Baada ya muda nikamsikia Redempta nyuma yangu anasema huyu ng'ombe ana miguu ya meza.

Iliniuma, sitakudanganya. Nikauliza, bila kugeuka, turekebishe vipi. Sebastiani akasema magoti yashushwe. Redempta akasema na kwato zipanuliwe. Kwa mara ya kwanza wakabishana wao kwa wao, mimi nikisikiliza kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia. Polikarp peke yake ndiye aliyesema sawa. Nikamwambia sawa hairuhusiwi. Akasema basi hana neno.

Kwa hiyo ukutani wanaongea. Wakati wa chakula bado wananipa kigoda na bado kicheko kinakatika. Jioni nafunga karakana, natembea mpaka nyumbani kwako, nafagia chumba chako, napika chakula cha mtu mmoja. Njoo hata Pasaka. Na utuambie habari za Yonas na Anjela, nataka kujua wewe unafanyaje nao.

Mwanao,
Kristiana


Dar es Salaam,
19 Aprili 1996

Mwanangu Kristiana, marahaba.

Pasaka sikupata nafasi. Nimemtumia Bibi salamu kupitia kwa padri aliyekuwa anapanda huko, najua alishazipata.

Hapa mvua inanyesha na mitaa imejaa maji. Wameleta kompyuta mbili. Unabonyeza, herufi inakuja imekamilika, haina mkono wa mtu. Vijana wamezikumbatia kama mwali aliyetoka ndani.

Umeuliza habari zao. Vijana ni vijana.

Huo mchezo wa ukutani usiuendekeze. Wakishazoea kusema, huwezi kuwanyamazisha tena. Mimi nikiona mstari umepinda siwezi kuvumilia. Namchukulia mtu kalamu mkononi, naunyoosha, namrudishia, sigombi wala sitoi hotuba. Huko ndiko kufundisha, na ninyi nyote mlifundishwa hivyo mkawa watu.

Hivi, Polikarp alishawahi kukwambia lolote kuhusu mimi? Nauliza tu.

Evaristi


Sumbawanga,
9 Juni 1996

Baba mdogo, shikamoo.

Baridi ya mwaka huu haina utani. Asubuhi rangi inaganda kwenye kopo, tunaiweka juani kwanza tukiwa tumejifunga mablanketi kama wagonjwa. Bibi hajambo kiasi. Amemwambia padri kwamba salamu hazibebwi mikononi na hazipikiki, anataka aone sura.

Umeuliza kuhusu Polikarp. Polikarp mzima, mke wake amejifungua tena, mtoto wa kike.

Tumeongeza mtu. Anaitwa Mayunga, ni mtu mzima wa kutosha, watu wake ni wale waliohamia na mifugo kutoka Shinyanga, wako Kaoze. Ng'ombe anamchora ukamtambua kwa jina. Kumchukua halikuwa wazo langu peke yangu. Tulibandika michoro yake, kila mtu akasema, Sebastiani akaogopa atanyang'anywa picha akalisema hilo hilo mbele yake, wakakubaliana Mayunga achore wanyama na Sebastiani achore watu na vyakula. Zamani woga wa namna hiyo ungekaa moyoni mpaka uoze.

Na Polikarp ameongea. Tulikuwa na bango la kinyozi, mimi nikataka R iwe na mkia mrefu, ile yako. Polikarp akaweka kitambaa chini akasema hapana. Akasema ule mkia unagonga herufi inayofuata, na siku zote umekuwa ukigonga. Nilitoka uani nikajifanya natafuta msasa, kwa sababu machozi yalinijia kwa furaha na sikutaka waone. R imeandikwa bila mkia, na imependeza.

Juzi mchana nilipotokea, hakuna aliyenyanyuka. Wakasogeana, nikakaa juu ya kopo la rangi, Redempta akaendelea na umbea wake alipoishia. Sijala ugali mtamu kama ule tangu uondoke. Jioni upweke unarudi palepale, nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja, lakini mchana sasa nina watu.

Njoo uwaone. Kila ninachokifanya nakifanya nikiwaza siku utakayoingia mlangoni. Sasa ndio wakati, baba mdogo, hutakuta kundi la watu wa sawa.

Mwanao,
Kristiana


Dar es Salaam,
25 Agosti 1996

Mwanangu mpenzi Kristiana,

Marahaba, na unisamehe kimya. Nilianza barua hii mara nyingi. Mwambie mama yako na Bibi kwamba mwili wangu mzima.

Sina vijana. Nimekuacha ukidhani ninao. Yonas aliomba kuhamia chumba kingine tangu Februari. Wakamfuata wawili, halafu wawili. Hawakugombana na mimi, kila mmoja aliniaga kwa heshima, wengine walinishukuru. Wa mwisho alikuwa Anjela. Bosi akamwita, nami nikiwepo, akamuuliza kwa nini hataki kukaa na Mzee Evaristi. Akaangalia kalamu mkononi mwangu, akajibu neno moja tu. Sitaliandika hapa.

Kampuni haijanifukuza. Wameniachia chumba, meza sita na dirisha. Wananipa kadi za harusi za wakubwa, zile wanazotaka ziandikwe kwa mkono. Mchana vijana wanakula pamoja upande wa pili wa ukuta, nawasikia wanacheka. Zamani nilikuwa napita pale, sasa napita nje kuwaepushia usumbufu wa kunyamaza. Ulipoandika habari ya kigoda na kicheko kinachokatika, mwanangu, niliifunga barua nikaiweka chini ya karatasi nyingine, ndiyo maana nilichelewa.

Nimechoka na huku. Nataka kurudi. Kiti baki nacho, umekikalia vizuri kuliko mimi. Nataka benchi tu na brashi, niandike herufi nikiwasikia watu wanaongea karibu yangu. Nitakaa ukutani kama wengine, hata waanze na mimi wakinisema.

Niambie neno lako, nitapanda gari wiki hiyo hiyo.

Evaristi


Sumbawanga,
22 Septemba 1996

Baba mdogo, shikamoo.

Bibi hajambo, mama hajambo, na mimi mwili haujambo. Mvua bado. Nimeshakusalimu, sasa sijui niendelee vipi.

Barua yako niliisoma nimesimama posta, nikarudi karakanani karibu nakimbia. Neno langu lilikuwa tayari. Ningeweza kukuandikia siku ileile njoo, na leo ungekuwa hapa. Lakini Mayunga hatukumpokea bila kuulizana, nikaona na hili siwezi kuliamua peke yangu halafu Jumatatu nikawaambie kuna uhuru wa kusema. Sikuwasomea barua yako. Niliwaambia tu kwamba unataka kurudi, ukae benchi, na kila mmoja aseme.

Nikageuza kigoda nikawapa mgongo. Hii ilikuwa kwa ajili yangu zaidi, wasione usoni ninavyotaka urudi.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya Redempta, akaomba wengine watangulie. Mayunga hakujui, akasema mwalimu akija ni faida. Sebastiani akasema herufi kama zako bado hakuna mji mzima. Ikarudi kwa Redempta, akasema anamwachia Polikarp, naye Polikarp akasema hapana, sema mwenyewe, Redempta akasema basi, anaogopa. Nikamuuliza anaogopa nini. Akasema hajui, Mzee hajawahi kumfanyia ubaya.

Ndipo akasema Polikarp. Nakuandikia kama alivyosema, kwa sababu ukisikia kwa mtu mwingine litakuja limepinda. Alisema: "Mzee Evaristi nampenda, mwanangu wa kwanza nimempa jina lake. Lakini alikuwa anachukua brashi mkononi mwangu. Hanigombezi, anaichukua tu, anamalizia, ananirudishia. Miaka yote ile sijamaliza herufi hata moja mbele yake. Akirudi, nitanyamaza tena."

Zamu ikawa yangu, wa mwisho. Nilijua nikisema nataka baba yangu mdogo arudi, watasema sawa wote wanne, tena kwa moyo mweupe. Watakufagilia benchi. Na kuanzia siku ile sitasikia ukweli mwingine humu ndani, wala wewe hutausikia. Ungekaa benchi katikati ya watu wanaokuheshimu, wamenyamaza, kama unavyokaa huko.

Nikawaambia hutarudi karakanani. Nilisema nikiwa bado nimewapa mgongo.

Ni mimi niliyekuita barua hadi barua, na ni mimi ninayekukatalia. Hakuna siku niliyojisikia peke yangu kama leo, na najua unaposoma hapa uko katika chumba chenye meza sita. Nikasirikie ukitaka. Usimkasirikie Polikarp, alilia aliposema, na jioni ile hakurudi kwake mpaka alipokuja kuniuliza kama bado namtaka kazini.

Lakini nyumba ni yako, hiyo haikuulizwa ukutani. Chumba chako nimekipaka chokaa. Panda gari. Ukifika Mbeya nipigie simu ya posta, nitakuja stendi kukupokea mwenyewe. Tutapita karakanani, utawasalimia, watakuamkia wote na utawapa pole na kazi. Halafu nitachukua mzigo wako, tutaendelea mpaka nyumbani.

Mwanao,
Kristiana